Polisi Apinga, Diwani Aamua: Historia ya Ruhusa za Baa Huko Uingereza

Wale mlioketi katika vikundi, kiongozi wa kikundi na aweke penseli na karatasi tayari, kwa maana mwishoni yako maswali. Na wewe unayelisoma somo hili baada ya kupigwa chapa, usiwe na haraka. Soma sehemu moja, pumzika, ufikiri, kisha uendelee.

Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo kwa juu juu laonekana dogo. Mwenye baa ataka kufanya dansi usiku wa Jumamosi, mpaka saa nane. Polisi wasema, "Hapana." Je, neno la polisi ndilo la mwisho? Kama silo, ni nani aamuaye? Na huyo aamuaye, atazame nini kabla ya kukata shauri?

Waingereza wamebishana juu ya maswali hayo kwa muda wa miaka zaidi ya 450. Yafaa tujue habari zao, kwa sababu sheria za leseni za vileo zilizotumika Kenya, Uganda na Tanganyika wakati wa ukoloni zilitungwa na serikali iliyozoea desturi hizo. Ukiona leo mtu anahangaika na karatasi za kibali cha muziki, ujue kwamba hangaiko hilo lina babu na bibi.

MWANZO: MAHAKIMU WA MWAKA 1552

Zamani za kale katika Uingereza, mtu yeyote aliyejua kupika pombe aliweza kuiuza nyumbani kwake, na wengi wa wapishi hao walikuwa wanawake. Mwaka 1552, wakati wa Mfalme Edward wa Sita, Bunge lilitunga sheria kwamba hapana ruhusa kufungua nyumba ya pombe bila leseni ya mahakimu wawili wa mahali pale. Tena mwenye nyumba aliweka dhamana, akaahidi kwamba hapatakuwa na fujo wala michezo iliyokatazwa.

Sasa angalia sana mahakimu hawa walikuwa nani. Wengi wao hawakuwa wanasheria, wala hawakupata mshahara. Walikuwa watu wenye mashamba na heshima katika wilaya yao. Na polisi kama tunavyowajua sisi hawakuwapo. Kila kijiji kilikuwa na mlinzi mmoja aliyechaguliwa miongoni mwa wanakijiji wenyewe, naye mara nyingi aliifanya kazi hiyo kwa shingo upande.

Basi hakimu alisikia uvumi juu ya nyumba fulani, akaamini au asiamini, kisha yeye mwenyewe akaamua. Mshitaki na mwamuzi waliweza kuwa mtu mmoja. Hapo ndipo penye mzizi wa somo letu. Mtu mmoja akishika mambo yote mawili, haki ya mwenye nyumba yategemea tabia ya mtu huyo tu. Akiwa mwema, salama. Akiwa na chuki, basi tena.

MUZIKI WAINGIA KATIKA SHERIA: MWAKA 1751

Kwa miaka mingi sheria ilitazama pombe zaidi kuliko muziki. Mambo yalibadilika mjini London katika karne ya 18. Mji ulikuwa umejaa watu, wizi ulikuwa mwingi, na pombe kali ya jini ilikuwa rahisi. Hakimu mmoja wa mtaa wa Bow Street, Henry Fielding, ambaye pia ni mwandishi mashuhuri wa hadithi, alitoa kitabu mwaka 1751 juu ya sababu za kuongezeka kwa wanyang'anyi. Moja ya hoja zake ilikuwa kwamba watu wa hali ya chini wanapenda mno anasa na starehe, nazo huwavuta katika wizi.

Mwaka ule ule Bunge lilitunga sheria juu ya nyumba za fujo. Katika London, Westminster na maili 20 kuzunguka miji hiyo, nyumba, chumba au bustani ya dansi na muziki wa watu wote ilitakiwa kuwa na leseni ya mahakimu. Mwenye nyumba asiyekuwa na leseni aliweza kutozwa paundi 100, na kwa siku zile hizo zilikuwa fedha nyingi mno.

Twaona basi kwamba tangu hapo mawazo mawili yalifungwa kamba moja: muziki wa watu wa kawaida, na hofu ya uhalifu. Kamba hiyo haikukatika upesi. Ikumbuke, kwa maana tutaiona tena karibu na mwisho wa somo.

POLISI WAFIKA

Mwaka 1829 Bwana Robert Peel, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, aliunda jeshi la polisi la London. Baadaye miji na wilaya nyingine zikafuata. Kwa mara ya kwanza walikuwapo watu wenye mshahara na sare ambao kazi yao ilikuwa kupita mitaani usiku, kuangalia nyumba za pombe na kuandika waliyoyaona.

Lakini mwaka mmoja tu baada ya hapo, yaani 1830, Bunge lilifungua mlango wa upande mwingine. Mtu yeyote mlipa kodi aliweza kununua leseni ya kuuza bia kwa gini 2, yaani shilingi 42 za siku zile, bila ya kuwauliza mahakimu. Serikali ilidhani kwamba biashara huria itashusha bei ya bia na kuwaondoa watu katika jini. Katika muda wa miezi michache nyumba mpya za bia zilizofunguliwa zilizidi 20,000. Malalamiko yalikuwa mengi, na mwaka 1869 Bunge lilirudisha nyumba hizo chini ya mahakimu. Mwaka 1872 ikaja sheria nyingine iliyokaza saa za kufunga na adhabu za ulevi.

Tangu wakati huo ikawa desturi kwamba mahakimu wanakaa katika kikao cha leseni, na mkubwa wa polisi anasimama mbele yao kusema juu ya nyumba hii au ile. Hili ni badiliko kubwa, ingawa halikupigiwa tarumbeta. Sasa yule apingaye amesimama, na yule aamuaye ameketi. Ni watu wawili mbalimbali.

BAA YA MLIMANI: KESI YA MWAKA 1891

Je, mahakimu waliokuwa wameketi waliweza kuamua vyovyote walivyopenda? Jibu lilitoka katika kijiji kidogo cha Kentmere, katika milima ya Westmorland, kaskazini ya Uingereza. Palikuwa na nyumba ya wageni yenye leseni ya kuuza pombe. Ilipoombwa leseni hiyo ifanywe upya, mahakimu walikataa. Hawakusema kwamba mwenye nyumba ni mtu mbaya. Walisema kwamba nyumba iko mbali mno na polisi, hata hawawezi kuiangalia, na kwamba mahali pale hapana haja ya nyumba ya namna hiyo.

Shauri hilo, liitwalo Sharp na Wakefield, lilikwenda juu mpaka Baraza la Malodi, ambalo siku zile ndilo lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufani. Mwaka 1891 Malodi waliamua kwamba mahakimu wana uwezo wa kukataa kuipa leseni ya zamani uhai mpya. Baa ya mlimani ikashindwa.

Lakini katika hukumu hiyo hiyo limo fundisho ambalo wanasheria wanalishika mpaka leo. Walieleza kwamba kupewa hiari ya kuamua si kupewa ruhusa ya kufuata mapenzi yako. Hiari hutumika kwa akili na haki, kwa kufuata sheria, wala si kwa chuki, upendeleo au matakwa ya moyo. Kwa hiyo mwenye baa alipoteza leseni, lakini wenye baa wote waliokuja baada yake walipata ngao: mwamuzi lazima awe na sababu, na sababu hiyo iwe ya kweli.

WANAMUZIKI WAWILI TU

Tupite upesi mpaka mwaka 1961. Sheria ya mwaka ule iliruhusu baa yenye leseni ya pombe kuwa na mwanamuziki mmoja au wawili bila kibali kingine cha muziki. Wakiwa watatu, kibali kilihitajika. Watu waliicheka sheria hiyo: mwimbaji mmoja mwenye kipaza sauti kikubwa huweza kuamsha mtaa mzima, na watu watatu wenye zeze na filimbi wasimwamshe hata mtoto. Hata hivyo ilidumu zaidi ya miaka 40. Hapo twajifunza kwamba sheria inayohesabu vichwa badala ya kupima madhara huwabana wasio na kosa.

SHERIA YA 2003 NA ILANI YA USIKU MMOJA

Mwaka 2003 Bunge lilitunga sheria mpya kwa ajili ya Uingereza yenyewe na Wales, nayo ilianza kutumika kwa ukamilifu tarehe 24 Novemba 2005. Leseni zilitolewa mikononi mwa mahakimu zikapewa halmashauri za miji na wilaya. Tangu hapo waamuzi ni madiwani waliochaguliwa kwa kura. Kwa kawaida watatu huketi kusikiliza shauri. Asiyeridhika hukata rufani kwa mahakimu.

Sheria hiyo ilitaja mambo manne ambayo madiwani wayatazame: kuzuia uhalifu na fujo, usalama wa watu, kuzuia kero kwa majirani, na kuwalinda watoto. Kama pingamizi halihusu hata moja kati ya hayo manne, halina nguvu. Diwani hawezi kusema, "Mimi siupendi muziki huu," akalikataa ombi kwa sababu hiyo tu.

Sasa tuseme wewe una baa katika mji mmoja huko. Leseni yako yakuruhusu kuuza mpaka saa tano usiku, nawe wataka kufanya dansi ya harusi mpaka saa nane. Huhitaji kuomba leseni mpya. Watoa ilani ya shughuli ya muda. Ada yake ni paundi 21, watu wasizidi 499, na shughuli isizidi saa 168. Ilani huipeleka kwa halmashauri siku 10 za kazi kabla ya shughuli, nao polisi hupata nakala.

Polisi wana siku tatu za kazi za kupinga. Mwanzoni walikuwa na siku mbili, tena waliweza kupinga kwa ajili ya uhalifu tu. Tangu mwaka 2012 waweza kupinga kwa lolote kati ya yale mambo manne, na maofisa wa afya wa halmashauri nao wamepewa haki hiyo hiyo. Lakini jirani yako hawezi kuipinga ilani hiyo yeye mwenyewe. Akiogopa makelele, hana budi kwenda kwa ofisa wa afya amwambie, kisha ofisa aamue kama atapinga.

Polisi wakipinga, mambo matatu yaweza kufuata. Kwanza, waweza kupatana nanyi: pengine mfunge saa saba badala ya saa nane, mkaweka walinzi mlangoni, na pingamizi likaondolewa. Pili, msipopatana, madiwani huitisha kikao. Polisi husema, nawe husema, na madiwani huamua. Wakikataa, lazima wakupe taarifa yao angalau saa 24 kabla ya shughuli kuanza.

Jambo la tatu ndilo gumu. Ukichelewa, ukapeleka ilani kati ya siku tisa na siku tano za kazi kabla ya shughuli, sheria bado yakupokea. Lakini kama polisi au ofisa wa afya akipinga ilani hiyo iliyochelewa, hapana kikao. Shughuli imekufa palepale. Hapo neno la apingaye huwa ndilo neno la mwisho, na ile tofauti kati ya aliyesimama na aliyeketi yatoweka. Kwa hiyo mwenye baa mwerevu hahesabu siku tu. Aijua thamani ya kila siku. Anayewahi hupata haki ya kusikilizwa, na anayechelewa hubaki na matumaini.

USHAHIDI, SI WASIWASI

Madiwani wafanyeje wanaposikia neno la polisi? Mwongozo wa serikali wawaambia kwamba, katika mambo ya uhalifu, polisi ndio washauri wao wakubwa, nao hawana budi kuwasikiliza kwa makini. Lakini mwongozo huo huo wasema kwamba ni juu ya polisi kuleta maneno yanayoweza kusimama yakiulizwa maswali katika kikao.

Nawapa mfano wa kweli. Katika Wirral, karibu na Liverpool, ilikuwapo baa iliyoitwa Saughall Hotel, mali ya kampuni ya Daniel Thwaites. Kampuni iliomba saa ziongezwe. Polisi kwanza walipinga, kisha wakakubaliana na kampuni juu ya masharti fulani, wakaondoa pingamizi lao. Halmashauri ikakubali. Lakini baadhi ya wakazi hawakuridhika, wakakata rufani kwa mahakimu, na mahakimu wakapunguza saa zile.

Kampuni ikaenda Mahakama Kuu. Mwaka 2008 Jaji Black aliitengua hukumu ya mahakimu. Aliona kwamba baa ilikuwa imekwisha kutumia saa mpya kwa miezi kadhaa bila fujo, na polisi hawakuwa wanapinga tena. Mahakimu walikuwa wameogopa kwamba walevi wa baa nyingine watahamia pale usiku. Hofu hiyo haikuwa na ushahidi. Ilikuwa ni kukisia. Na kukisia hakutoshi kumpunguzia mtu riziki yake.

Msinifahamu vibaya. Wakazi wale walikuwa na haki ya kutaka usingizi, na mtu aliyekosa usingizi si adui wa maendeleo. Jaji hakusema kwamba hawana haki ya kulalamika. Alisema kwamba mwamuzi lazima asimame juu ya ushahidi, naye asiweke kando mambo yaliyokwisha kuonekana kwa macho.

FOMU 696

Sasa ile kamba ya mwaka 1751, niliyowaambia mwikumbuke, yatokea tena. Katika miaka ya 2000 na kitu, baada ya watu kupigwa risasi katika baadhi ya kumbi za London, polisi wa mji huo walianza kutumia karatasi iliyoitwa Fomu 696. Waandaaji wa dansi walitakiwa kuandika majina ya waimbaji na wapigaji sahani, majina yao ya jukwaani, anwani za nyumbani na namba zao za simu. Fomu za kwanza ziliuliza pia aina ya muziki, na hata watazamaji watakuwa watu wa asili gani. Fomu haikuwa sheria ya Bunge, lakini baadhi ya halmashauri za London ziliifanya kuwa sharti la leseni.

Polisi walisema kwamba shabaha yao ilikuwa kuokoa maisha, na hapana mtu mwenye akili awezaye kudharau shabaha hiyo. Lakini wanamuziki vijana, wengi wao weusi, waliona kwamba muziki wao ndio uliokuwa ukitiliwa shaka kabla ya mtu yeyote kufanya kosa. Swali juu ya asili ya watazamaji liliondolewa baada ya malalamiko. Mwaka 2009 kamati ya Bunge inayoshughulikia utamaduni ilitaka fomu yote ifutwe. Haikufutwa. Mwaka 2017 Meya wa London, Sadiq Khan, aliomba ichunguzwe upya, na mwezi wa Novemba mwaka ule polisi wakaiacha.

Hesabu mwenyewe: ilichukua miaka zaidi ya 10 kuiondoa karatasi moja. Sababu yake ni nini? Pingamizi la polisi katika kikao husikika, na hujibiwa. Lakini karatasi inayojazwa kimya kimya kabla ya kikao haina mtu wa kuijibu. Mwenye ukumbi akihofia matata, huacha tu kumwalika mwimbaji yule, na hapana hukumu yoyote inayoandikwa. Kijana amepoteza kazi ya usiku, asijue amemkosea nani.

TWAJIFUNZA NINI?

Historia hii yatuonyesha hatua tatu. Kwanza, hakimu wa 1552 aliyekuwa mshitaki na mwamuzi pamoja. Pili, polisi aliyekuja kusimama mbele ya mwamuzi. Tatu, mwamuzi mwenyewe kutakiwa kuwa na sababu, na sababu kutakiwa kuwa na ushahidi. Kila hatua ilipatikana kwa mabishano, na kama tulivyoona katika ilani iliyochelewa na katika Fomu 696, hatua iliyopatikana yaweza kurudi nyuma.

Ninyi mlioko Kenya mnajua kwamba Katiba ya mwaka 2010 iliweka leseni za vileo na starehe za hadharani miongoni mwa kazi za kaunti. Basi maswali ya leo si ya Waingereza peke yao. Popote ulipo, ukisikia kwamba ngoma fulani imekatazwa, usikimbilie kusema kwamba polisi ni wabaya, wala usikimbilie kusema kwamba wapiga ngoma ni wahuni. Uliza kwanza: nani amepinga? Nani ameamua? Ushahidi gani umeletwa, na mwenye ngoma alipewa nafasi ya kujibu?

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini ni hatari mshitaki na mwamuzi kuwa mtu mmoja? Toeni mfano kutoka maisha ya kila siku, usiohusu pombe.

2. Baa ya Kentmere ilishindwa, lakini hukumu yake iliwasaidia wengine. Elezeni jinsi gani.

3. Jirani anataka kulala, na mwenye baa anataka kula kwa jasho lake. Kama ninyi mngekuwa madiwani watatu, mngewauliza maswali gani kabla ya kuamua?

4. Je, ni haki kwamba ilani iliyochelewa ife bila kikao? Nusu ya kikundi itetee sheria hiyo, na nusu iipinge.

Basi tumefika mwisho wa somo la leo. Kwaherini, na mzungumze vizuri.